Simu Inayojibu Ukiifungua

Kisangani, Alhamisi, mwezi wa kumi na moja. Mvua.

Imenyesha tangu asubuhi bila aibu. Hapa cyber hakuna mteja hata mmoja, kwa sababu watu wote wa Makiso wanajua mvua ikinyesha connexion inakufa, na hakuna atakayepanda toleka, baiskeli ya abiria, alowe mgongo mzima ili aje kutazama kioo cheupe. Bosi amekwenda zake. Jenereta inanguruma, kompyuta zinawaka bure, nami naandika nikingoja mtandao urudi nibandike haya kwenye ukurasa wangu. Binti yangu Furaha ametoka shule, amekaa chini ya meza anachora nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye printa.

Hali yangu ni ile ile ya jana. Ya jana ilikuwa mbaya.

Leo nilikaa niandike tangazo la kuuza simu yangu. Kazi hiyo naijua. Watu wanaouza nyumba, pikipiki, friji, hata mbuzi, huja hapa niwaandikie, na nimejifunza kwamba neno "kama mpya" linaweza kufunika dhambi nyingi. Lakini anayeitaka simu yangu ni Yaya Georgette, dada mkubwa tunayemwita hivyo kwa heshima, anayeleta samaki wa kukaushwa kutoka Basoko, na anaitaka kwa ajili ya binti yake. Jumanne aliniambia: "Mama Furaha, uniandikie mambo yake yote, mazuri na mabaya. Ule mutoto wangu iko mutu wa kuuliza." Yaya Georgette akikuuzia samaki mwenye wadudu anakwambia mwenyewe kwamba ana wadudu. Siwezi kumdanganya mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo niliamua kuikagua simu yote, kitufe kwa kitufe, niandike ukweli.

Hii hapa.

Ni simu ya kukunja, rangi ya fedha, imechubuka pembeni pale inapogusana na funguo za mlango wa cyber. Ukiifunga inatoa sauti ndogo ya kuridhisha, ile sauti ya mtu aliyemaliza maneno. Nakiri kwamba mwanzoni nilikuwa naifungua na kuifunga mbele ya watu bila sababu yoyote, hasa kanisani, kabla misa haijaanza. Mume wangu, Papa Furaha, aliniletea kutoka Butembo. Yeye ni mfanyabiashara wa vitenge na mabeseni, mtu wa Kivu Kaskazini kama wengi wenye maduka hapa mjini, na mizigo ikipita mikononi mwake kuna kitu kimoja kinachobaki kwa ajili yangu. Alisema mke wake hawezi kufanya kazi kwenye mashine za intaneti halafu avute simu ya mawe kutoka kwenye mkoba.

Ina redio. Redio ni nzuri, inashika vizuri ukichomeka waya za masikioni. Nimesikiliza humo majina yote ya vijiji vya Rutshuru, kule Kivu, vilivyofikiwa na vita, kimoja baada ya kingine, yakisomwa na mtu mwenye sauti tulivu ambaye nadhani hajawahi kufika. Sisi wa Kisangani vita yetu ilikwisha, ikatuachia matundu kwenye kuta, na baadhi yetu tulidhani mtu akishapigwa zamu yake amemaliza. Sasa iko kule, nami naisikia kwa sikio moja huku sikio la pili likimsikiliza mteja anayelalamika kwamba kompyuta inakwenda polepole.

Redio nimeiandika upande wa mazuri. Nikaifuta. Nikairudisha.

Ina kamera, ndogo. Picha zake ni nzuri zikiwa ndani ya simu tu. Ninayo moja ya Papa Furaha bandarini, ameshika beseni kichwani kwa mzaha, jua liko nyuma yake, kwa hiyo uso ni kivuli chenye meno. Shemeji yangu Paluku, mdogo wake anayeishi Butembo, aliniomba picha hiyo ili azunguke nayo kwenye kambi za waliokimbia. Simu haina waya wa kuiunganisha na kompyuta, ina infrarouge tu, ya kutuma picha bila waya, na hapa cyber hatuna mashine ya kupokea hiyo. Nilikwenda studio wakapiga picha ya kioo cha simu. Ilitoka picha ya taa ya studio, na mimi mwenyewe nyuma ya taa.

Betri, tuseme ukweli, inachoka kabla mimi sijachoka. Yaya Georgette atalazimika kuichaji kila akipata umeme, na umeme tunajua unavyokuja.

Kioo cha nje kilikufa. Simu hizi za kukunja zina vioo viwili, kidogo cha nje cha kukuonyesha nani anapiga kabla hujafungua, na kikubwa cha ndani. Furaha aliitumbukiza simu kwenye ndoo ya maji, na tangu hapo cha nje kinawaka mwanga wa bluu tu, bila namba wala jina.

Kasoro ya mwisho, niliandika, ni kwamba ukiifungua wakati inaita, inajibu yenyewe. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Kufungua ndiko kujibu.

Asiyeishi kwetu ataona hiyo si kasoro. Basi nieleze. Huku unité, yaani salio la simu, ni ghali, na watu hawapigi simu, wanabipa. Unapiga, unaiacha iite, unakata kabla mwenzako hajajibu. Anaona namba yako, anajua umefika, au umeamka, au nguo yake iko tayari, au unamtaka akupigie yeye mwenye unité. Kila wawili wana mapatano yao. Na adabu ya kwanza ya kubipa ni kwamba anayebipwa hajibu. Ukijibu umemla mwenzako unité zake za mwisho, na hilo watu hawasahau.

Mimi nilijifunza adabu hiyo kwa Papa Asani. Yeye ni fundi cherehani, mlango wa pili kutoka hapa, mzee wa zile familia za Waislamu waliokaa mjini hapa tangu enzi za mababu wa babu zao, mtu mpole sana mpaka umguse unité. Alikuwa amenishonea gauni la kaba. Akanibipa kunijulisha imekwisha. Kioo cha nje kimekufa, nami nilitaka kuona ni nani, nikafungua, simu ikajibu. Alikuja mpaka hapa mlangoni na sindano mdomoni.

"Mama Furaha, miye nilikubipa tu. Weye unafungua. Unakula unité yangu juu ya nini?"

Wateja wote waligeuka. Nilitaka ardhi inimeze. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshamla mara moja kabla ya hapo, na nilimla tena mwezi uliofuata kwa bahati mbaya, nilipata jina hapa mtaani, la mwizi wa unité. Kwa hiyo nikajiwekea sheria. Simu ikiita, usiiguse. Ngoja inyamaze. Ikishanyamaza fungua, tazama namba, kisha uamue.

Mume wangu peke yake hakuwa chini ya sheria hiyo, kwa sababu yeye nilimjua bila kufungua.

Hapo ndipo ninapofika kwenye sifa kubwa ya simu hii, ile ambayo ingefaa niiandike juu kabisa. Ina kinasa sauti, na sauti uliyonasa unaweza kuifanya mlio wa mtu mmoja. Siku aliyoileta, Papa Furaha alisimama jikoni kwangu nikiponda lituma, zile ndizi za kupikwa, akaiweka simu mdomoni kama mtu anayekula ndizi, akasema: "Mama Furaha, fungua. Ni miye. Fungua basi." Kisha akaigeuza kuitazama, bila kujua bado inanasa, akauliza: "Imeingia?"

Nilicheka mpaka mchi ukanitoka. Alitaka kuanza upya. Nikakataa, nikamwambia iache hivyo hivyo, na swali lake na mchi wangu humo ndani. Tangu hapo kila alipopiga kutoka njiani, simu iliniita kwa sauti yake, na mwishoni iliniuliza kama imeingia.

Alikwenda Rutshuru kumchukua mama yake. Hiyo ndiyo habari yote ya safari yake. Mama ni mzee, vita ilikuwa inasogea, na Paluku wakati huo alikuwa na malaria. Nilimwambia ngoja. Akasema, "Mama hawezi kungoja, miguu yake haisikie redio." Alinipigia kutoka Nia-Nia. Alinipigia Mambasa, akalalamikia matope. Alinipigia Butembo akiwa amekula na Paluku, nikawasikia wote wawili wanacheka. Kila mara sauti yake ilitangulia, kisha yeye mwenyewe. Halafu akateremka kusini, na simu ikanyamaza. Nikasema ni réseau, mtandao tu. Kila mtu aliniambia ni réseau.

Kisha ikaja siku ile. Nilikuwa hapa hapa, kwenye kiti hiki, namchapia mwanafunzi mmoja kazi yake ya shule. Simu ikaita. Mlio wa kawaida, ule muziki mfupi wa watu wote. Sikuigusa. Ikanyamaza. Ikaita tena, ndefu. Nikamwambia yule mwanafunzi, "Huyu wa kubipa iko na kichwa nguvu." Akacheka. Ikaita mara ya tatu, nayo nikaiacha, nikamaliza sentensi niliyokuwa nachapa. Iliponyamaza nikafungua. Namba nisiyoijua.

Sikuwa na unité. Nikambipa.

Yaani mtu aliniita mara tatu, nami nikambipa. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi kuliko tangazo lote.

Kesho yake asubuhi nilinunua unité nikapiga. Akajibu mama mmoja, sauti ya kukimbia, na watoto wanalia nyuma yake. Nikasema mimi ni Mama Furaha wa Kisangani, kuna mtu alinitafuta. Akasema, "Ah, muke wa ule bwana wa muguu."

Aliniambia hivi. Watu wengi walikuwa wanakimbia barabarani. Mume wangu alikuwa na kitambaa kwenye mguu, kimelowa, na mama yake amekaa kando yake juu ya godoro. Simu yake ilikuwa imechukuliwa na wenye bunduki. Namba moja tu ndiyo aliyoijua kwa kichwa, na ilikuwa yangu. Alitaka nimwambie Paluku aje na pikipiki awachukue, wako kwenye shule ya kijiji fulani, akanitajia jina. Alijaribu mpaka betri ya yule mama ikaanza kulia. Hakujibiwa.

"Alafu ulibipa," yule mama akasema. "Nilimuonyesha. Akasema, 'Ni yeye, basi iko muzima.' Akanirudishia telefone."

Akasema wao waliendelea na safari jioni ile. Mume wangu alibaki pale, hakuweza kutembea, na mama yake hakumwacha. Kisha simu ikakatika, na tangu siku hiyo namba hiyo haipatikani.

Nilimpigia Paluku papo hapo. Alikwenda na pikipiki, na homa yake, mpaka askari walipomzuia, akazunguka mashambani, akafika. Shule ilikuwa tupu. Aliniambia aliona godoro. Hakuniambia zaidi, wala mimi sikuuliza, na sasa tukizungumza tunazungumzia malaria yake.

Wengine wananiambia nimshukuru Mungu kwa kuwa hakuna maiti. Wengine, upande wa familia yake, wameanza kuuliza tutaweka matanga lini. Nimekataa neno hilo ndani ya nyumba yangu. Lakini usiku najua ninachokijua.

Simu hii ilinifundisha kwamba mume wangu akipiga nitasikia sauti yake. Nikaiamini. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi hiki nilikuwa nakifunga kwenye pindo la kitenge.

Ningeweza kuvumilia hayo, labda, kama wanavyovumilia wengine. Kinachonifanya niuze ni kilichotokea Jumapili ya wiki iliyopita. Tulikuwa nyumbani, nachambua sombe, majani ya muhogo, na simu ikasema: "Mama Furaha, fungua. Ni miye."

Sijui nilivukaje chumba. Furaha alifika kabla yangu, anaruka, anasema Papa, Papa. Nikafungua.

Ilikuwa kijana. Nyuma yake muziki na watu wanacheka. "Allô, chérie. Weye ni nani?" Alikuwa anapitia namba zilizomo ndani ya simu ya mume wangu, moja baada ya nyingine, kuona nani atajibu. Nikamuuliza mwenye simu yuko wapi. Akasema, "Iko. Tuma unité nitakuambia." Nikatuma. Akapiga tena jioni, akasema unité zimekwisha, tuma nyingine. Nikatuma. Hajaniambia kitu. Sidhani ana kitu cha kuniambia. Lakini ameona kuna mwanamke Kisangani anayefungua haraka, basi ananibipa kama mchezo, asubuhi, mchana, anapokuwa hana la kufanya. Na kila akinibipa, ni mume wangu anayeniita jina langu, na Furaha anakimbia.

Nilimweleza kwamba si Papa. Anaelewa. Akisikia sauti anakimbia vilevile.

Kwa hiyo nilipanga hivi. Kadi yangu ya namba nitaiweka kwenye simu ndogo ya kawaida, ili namba aliyoishika kichwani ibaki hewani. Hii ya kukunja iende kwa binti wa Yaya Georgette. Yule kijana akibipa, italia muziki wa watu wote. Sauti itabaki ndani ya simu, na binti wa Yaya Georgette ataifuta apate nafasi ya nyimbo zake. Haitoki humo. Nilijaribu kuinasa kwa maikrofoni ya kompyuta hapa cyber, nikapata jenereta, na nyuma ya jenereta mtu anayeongea ndani ya pipa.

Huo ndio ulikuwa mpango mpaka leo mchana.

Nilikuwa ninapitia menyu yote kwa ajili ya tangazo. Sikuwahi kuipitia. Papa Furaha ndiye aliyeipanga simu siku ya kwanza, nami niliishi ndani ya mpangilio wake kama mtu anavyoishi kwenye nyumba aliyojengewa. Mwangaza wa kioo. Saa. Lugha. Milio. Halafu, chini kabisa, mahali ambapo mtu hafiki kama haandiki tangazo, nikakuta maneno haya kwa Kifaransa: réponse à l'ouverture. Kujibu kwa kufungua. Na chini yake, oui na non, ndiyo na hapana. Alama ilikuwa kwenye oui.

Niliyasoma mara ya pili.

Nilidhani ndivyo simu ilivyotengenezwa. Nilidhani ni kama bawaba yake, au rangi. Kumbe ilikuwa ni chaguo, na mume wangu ndiye aliyelichagua, kwa sababu aliona ni maridadi mwanamke kufungua simu na kuanza kuongea bila kubonyeza kitu. Ningebonyeza mara mbili tu, wakati wowote, ningeweza kufungua simu inapoita nikatazama kioo cha ndani bila kumla mtu unité. Ningeiona ile namba ikiwa bado inaita.

Labda ningeiona na bado nisingejibu. Sijidanganyi. Namba ngeni, kazi ya mwanafunzi mkononi, aibu ya Papa Asani bado iko masikioni. Labda. Lakini ingekuwa ni mimi niliyeamua, si mfuniko.

Nilitoka nje kusimama barazani, mvua inarusha maji miguuni. Papa Asani alikuwa kwenye mlango wake, anangoja ipungue. Niwaambie jambo moja juu yake. Tangu siku ile ya simu tatu, mimi najibu kila mlio. Kila mlio. Mtaa wote unajua, na wasiojua wananitukana kisha wanaambiwa, wananyamaza. Papa Asani bado ananibipa, mashuka ya nyumbani kwangu anashona yeye. Nafungua, simu inajibu, unité zake zinaanza kwenda, na yeye, aliyekuja hapa na sindano mdomoni kwa ajili ya sekunde kadhaa, hakati. Anasema polepole, "Ni miye tu, mama. Haiko yeye." Anangoja niseme ndiyo. Ndipo anakata.

Alinitazama, akavuta kiti cha pili akakiweka upande wangu wa baraza, akarudi ndani kwake.

Sikumwambia kuhusu ile oui. Ingemuumiza, naye hana kosa. Hakuna mwenye kosa, na hilo ndilo linalonichosha, kwa sababu ningekuwa na mtu wa kugombana naye ningekuwa na kazi ya kufanya asubuhi.

Nilirudi ndani nikaifungua ile menyu tena. Kidole kilikuwa juu ya non. Nikafikiri: nikiiondoa, nitapata nafasi ya kutazama kabla ya kujibu. Nikafikiri pia: mtu mwenye betri inayolia hana nafasi hiyo ya kunipa. Nikaiacha kwenye oui. Kizuri hakikosi ila, na ila hii sasa naihitaji.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapa ilipoita.

"Mama Furaha, fungua."

Furaha alitoka chini ya meza na penseli mkononi. Akanitazama. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya mfuniko, kwa sababu umezoea, umekuwa ukifungua kabla hata jina langu halijamalizika. Ndipo nikagundua kwamba tangu Jumapili ile sijaisikia sauti mpaka mwisho. Mara zote nimeikata katikati ili nimkute yule kijana.

Sikufungua.

"Ni miye. Fungua basi." Mchi wangu, ponda, ponda. Kicheko changu kinaanza mbali, na yeye, karibu kabisa, kwa ile sauti ya mtu anayetazama kitu asichokiamini: "Imeingia?"

Ikaanza upya. Nikaiacha tena. Furaha hakuruka safari hii. Alisimama ameinamisha kichwa anasikiliza, na ilipofika kwenye swali alitabasamu, kwa sababu hata yeye tangu Jumapili ile hakuwa ameisikia yote. Kisha ikanyamaza.

"Mama," akasema, "juu ya nini haufungue?"

Nilifungua baadaye, ilipokwisha. Namba ya Papa Furaha. Ni yule kijana, bila shaka ni yule kijana, anapoteza muda wake wa mchana. Lakini simu ya kuibiwa inaweza kurudi kwa mwenyewe, mambo hayo yametokea, na mimi nimeiacha iite tena. Nilitaka kumsikia mume wangu, na ili nimsikie ilinibidi nisimjibu.

Tangazo nimelifuta. Yaya Georgette nitamwambia haiuzwi, ina wadudu.

Mvua inapungua. Mtandao utarudi, na watu watarudi na nguo mbichi kuulizia barua zao. Simu hii itaita tena kesho, najua, labda na leo. Nitafungua kwa mlio wa kwanza nikutane na kijana anayecheka, kwa ajili ya ile mara moja ambayo huenda asiwe yeye? Au nitaiacha, nimsikie Papa Furaha mpaka mwisho, nisijue kamwe nani alikuwa upande wa pili?

Furaha ameichukua, ameishika kwa mikono miwili juu ya magoti, imefungwa. Anangoja iulize.

Imeingia, Papa Furaha. Imeingia.